UZI: Resini imekuharibikia? Usimimine tabaka jingine kabla hujajua kosa ni lipi

MawimbiMsa (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote.

Huu ni mwaka wangu wa sita nafanya kazi za resini (epoksi, yale majimaji angavu yanayomiminwa yakakauka kama kioo) hapa Mombasa: meza za mwembe, masinia, visahani vya kuwekea vikombe, saa za ukutani na picha za bahari. Hakuna wiki inayopita bila kuletewa kazi iliyoharibika, au kupigiwa simu saa nne usiku mtu anauliza mbona kikombe kinatoa moshi. Maswali ni yale yale, kwa hivyo nayaweka hapa pamoja. Ninayoandika yametokana na kazi zangu mwenyewe, zilizofaulu na zilizonitia hasara.

Nianze na meza. Ilikuwa mwezi wa Mei, masika yamepamba moto, mteja wa Nyali anataka meza ya kahawa ya ubao wa mwembe. Tabaka la mwisho nilimimina alasiri, madirisha wazi kwa ajili ya joto. Usiku mvua ikanyesha mpaka alfajiri. Asubuhi nikapitisha kidole juu ya meza: utelezi, kama mtu alipaka mafuta ya nazi kisha akayafuta kwa kitambaa kikavu. Nikajua moja kwa moja haikukauka. Nikashika patasi, nikakwangua siku nzima. Chini ya ule utelezi resini ilikuwa ngumu kama kioo. Nilivunja kazi nzima iliyokuwa haina kasoro.

Miezi michache baadaye ikanitokea kinyume chake. Sinia lilikuwa na doa linalonata, ukubwa wa shilingi ishirini. Nikasema aa, hili nalijua, ni lile la meza. Nikaliosha, nikamimina tabaka juu yake, likang'aa vizuri sana. Baada ya wiki mbili mteja akaniletea: pale pamevimba, na ukibonyeza unaona majimaji yanatembea ndani.

Ndipo nikaelewa kwamba kunata kuna aina mbili, na dawa ya moja ndiyo sumu ya nyingine.

Aina ya kwanza ni utandu wa unyevu. Hadina (ile sehemu ya pili inayochanganywa na resini ili ikaze) ikiwa bado inafanya kazi hukutana na mvuke wa maji na kaboni dioksidi ya hewani, ikatengeneza kitu kama nta nyembamba juu. Hapa kwetu pwani ni jambo la kawaida, hasa masika, na hasa kwa mwenye chumba kinachopigwa na upepo wa bahari. Ndani resini iko salama. Chukua maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, sugua kwa ule upande mkavu wa sponji ya sufuria, suuza, kausha kwa kitambaa cheupe cha pamba. Wengi hukimbilia spiriti. Utandu huu hauondoki vizuri kwa spiriti, huondoka kwa maji. Wala usianze na msasa, maana msasa utaziba na utausambaza ule uchafu kote.

Ukishakausha, bonyeza kwa ukucha. Ukucha usipoacha alama, kazi yako ni nzima. Kama mng'aro umepungua, piga msasa wa namba 220 na utie tabaka jembamba, basi.

Aina ya pili ni resini isiyokauka yenyewe. Hiyo ukiiosha inabaki inanata, ukucha unazama, ukivuta kidole unapata nyuzi kama za asali. Hapo vipimo vilikosewa, au vilikuwa sawa lakini mchanganyiko haukuchanganyika. Usiianike juani ukingoje, usiipulizie hewa moto. Hata ikikaa mwaka haitakauka, kwa sababu kile kilichopaswa kuikausha hakimo. Lazima itoke. Kwangua mpaka ufike penye ugumu wa kweli, futa kwa asetoni au spiriti ya isopropili ukibadilisha vitambaa (kitambaa kimoja kitakurudishia ule ule unataji), acha ikauke, piga msasa 120 kisha 220, futa vumbi, ndipo umimine mpya.

Iko na ya tatu, ambayo si kosa: kazi ni laini kidogo, inapinda, lakini hainati. Ipe muda. Resini nyingi hushikana kwa siku moja, lakini ugumu wake kamili unaweza kuchukua saa 72 na wakati mwingine wiki nzima. Ikiwa wiki imepita na bado ni kama mpira, rudi kwenye aina ya pili.

Karibuni kwa maswali.

---

ShogaWaMajengo

Shoga, asante kwa uzi. Mimi nikiona mawingu huwa naongeza hadina kidogo ili ikaze upesi. Pia niliona video mtu anapaka hadina tupu juu ya doa linalonata. Je, inafaa?

---

MawimbiMsa

Hapana, yote mawili, na nakuomba uache leo. Hadina si kama hamira ya mahamri, kwamba ukizidisha unaumua upesi. Kila sehemu ya resini ina sehemu yake ya hadina ya kushikana nayo. Ile inayozidi haina pa kushika, inabaki humo ndani ikiwa majimaji, na ndiyo inayokunatia. Kupaka hadina tupu juu ya doa ni vile vile: juu itashika kidogo, chini itabaki uji.

Kama chupa inasema 1:1 au 2:1, fuata hivyo hivyo. Na soma vizuri ni kwa ujazo au kwa uzito, kwani hapa ndipo walipoumia wengi wanaotumia mizani ya jikoni. Hadina kwa kawaida ni nyepesi kuliko resini. Chupa ya 1:1 kwa ujazo, ukipima gramu 100 kwa gramu 100, tayari umezidisha hadina. Kama kipimo cha uzito hakijaandikwa, tumia vikombe vyenye mistari na uachane na mizani.

Ukishapima, koroga dakika tatu hadi tano, polepole, ukipapasa kuta na kitako cha kikombe kwa kijiti bapa. Kisha hamishia kwenye kikombe cha pili kisafi, ukoroge tena dakika moja. Na unapomimina, usikwangue mabaki ya kikombe uyaangushe juu ya kazi. Najua inauma, resini ni ghali. Lakini doa langu la shilingi ishirini lilitoka hapo hapo, kwenye kuta za kikombe.

---

Pepo_za_Kaskazi

Mimi ndiye wa moshi 😅. Nilichanganya karibu lita moja kwenye kopo ili nisirudie rudie. Dakika kumi na tano kopo likawa halishikiki, resini ikageuka njano, ikapasuka. Nifanye nini na kazi niliyokuwa nimeshamimina nusu?

---

MawimbiMsa

Pole sana, na shukuru hukuungua. Resini inapokauka hutoa joto lake yenyewe. Ikikusanyika pamoja ndani ya kopo, joto halina pa kutokea, na joto lile linaharakisha ukaukaji, nao ukaukaji unazidisha joto. Karatasi ya chupa ikikwambia una dakika 40, hizo zimepimwa kwenye chumba cha nyuzi ishirini na kitu. Kila joto likipanda nyuzi 10 hivi, muda wako unakatika nusu. Januari na Februari, kaskazi inavuma na chumba kiko nyuzi 32, hizo dakika 40 usizihesabu.

Changanya kidogo kidogo, na ukishachanganya usiiache kwenye kikombe, imwage itandae. Siku nyingine kikombe kikianza kupata moto, kitoe nje ukiweke juu ya mchanga au saruji, ukae mbali na ule moshi. Usikitupe kwenye pipa la takataka.

Kwa kazi uliyoanza: kama tabaka halizidi milimita tatu hadi sita na halijapasuka, liache likauke, piga msasa, endelea. Kama lina ufa, angalia ulivyo. Ufa wa juu unapanuliwa kwa patasi uwe na umbo la V, unasafishwa, unajazwa resini kwa awamu mbili tatu. Kwenye kazi ya rangi hautaonekana. Kwenye resini angavu utaonekana daima, na ni haki umwambie mteja mapema. Ukitaka unene wa sentimita tatu nne kwa mara moja, nunua resini iliyotengenezwa kwa umiminaji wa kina. Ile hukauka polepole ili isijipike.

---

Ubao_na_Nazi

Tatizo langu ni viputo. Napitisha tochi ya gesi, vinaisha, narudi baada ya nusu saa viko tele. Resini yenyewe naichanganya polepole sana.

---

MawimbiMsa

Viputo vinavyorudi havitoki kwenye resini, vinatoka kwenye ubao. Ubao una hewa kwenye vinyweleo vyake. Ukimimina asubuhi, jua linapanda, ubao unapata joto, ile hewa inatanuka na kutoka juu. Utapitisha tochi mpaka gesi iishe.

Mimina jioni. Joto likishuka, hewa iliyo ndani ya ubao inajikunja na kuivuta resini ndani badala ya kuisukuma nje. Wajenzi wa mashua wanaotumia epoksi wanaijua siku nyingi hii. Mimi huanza baada ya alasiri, ubao umeshatolewa juani na kupoa. Kwanza napaka resini nyembamba kwa brashi, kiasi cha kuziba vinyweleo tu, naiacha mpaka ukigusa inashika kidole lakini haichafui. Hapo ndipo namimina tabaka lenyewe. Likimiminwa wakati huo linaungana na la chini bila msasa. Ukichelewa likakauka kabisa, lazima msasa, la sivyo matabaka yatakuja kubanduka.

Tochi nayo ipite kama unafagia, isisimame mahali pamoja. Ikisimama itachemsha resini na kuzidisha viputo, na itaacha mabonde. Na kama umetumia wino wa spiriti, weka tochi mbali kabisa, inashika moto.

Vile vilivyokwisha kukauka ndani: kilicho juu kitoboe kwa ncha ya sindano nene, futa vumbi lake, jaza tone la resini kwa kijiti cha meno, kisha tabaka jembamba juu. Kilicho kina, kiache.

---

Mwana_wa_Jahazi

Waungwana salaam. Ami yangu alikuwa fundi wa majahazi, nami nimerithi mbao zake kadhaa kutoka kwenye jahazi lililovunjwa. Mbao nzuri mno, zina matundu ya misumari na alama za kutu. Nimezimiminia resini mara mbili. Mara ya kwanza ilijikusanya ikaacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Mara ya pili ilikauka vizuri, baada ya mwezi ikabanduka nzima kama ganda.

---

MawimbiMsa

Mwana wa Jahazi, wewe unajua kuliko mimi ubao huo ulipakwa nini.

---

Mwana_wa_Jahazi

Sifa. Mafuta ya papa. Walikuwa wanaupaka ubao wa juu kila mara, na chini ya maji wakitia shahamu kwa chokaa. Wallahi sikuwa nimeunganisha mambo mawili hayo!

---

MawimbiMsa

Basi umeshajijibu, na umetufundisha wengi. Resini haitulii juu ya mafuta, inajikunja na kuacha vile vishimo. Sababu inaweza kuwa ndogo kuliko sifa: mkono uliopakwa mafuta ya nazi, jasho la kipaji cha uso, silikoni ya polishi ya gari iliyopuliziwa chumba kimoja na kazi yako. Ndiyo maana mimi huvaa glavu safi tangu kufuta vumbi.

Kwa vishimo vya kawaida: ngoja ikauke, osha, piga msasa 220 mpaka vishimo viishe, futa kwa spiriti ya isopropili kwa kitambaa kipya, mimina tena. Usijaribu kuvijaza wakati resini ni mbichi, itazidi kukimbia.

Kwa ubao wako, sifa imeingia miaka na miaka, na chumvi pia. Nilishawahi kufanya kazi ya ubao wa aina hiyo mara moja tu. Niliufuta kwa asetoni, nikauacha siku mbili juani, mafuta yakapanda tena, nikafuta tena, na tena, mpaka kitambaa cheupe kikarudi cheupe. Kisha nikaranda uso wa juu. Hata hivyo nilipaka kwanza doa la majaribio upande wa chini, nikangoja wiki, nikalichokonoa kwa kisu kuona kama linabanduka. Fanya hivyo kabla hujautoa mhanga ubao wa ami yako. Pengine upande mmoja utashika na mwingine ukatae. Ukikataa, uache ubao na sura yake, umimine resini pembeni mwake badala ya juu.

---

Rehani

Dada, langu ni la moyo. Dada'angu ameolewa mwezi uliopita, mama anataka kikuba chake, kile kishada cha maua ya kunukia, kihifadhiwe kwenye resini. Nimeogopa kukigusa.

---

MawimbiMsa

Umefanya vyema kuogopa, nami nitakueleza kwa nini.

Mwaka wa pili wa kazi yangu nililetewa kikuba cha harusi siku ya pili yake, bado kinanukia: asumini, rehani, mlangilangi. Nilikitia kwenye kalibu ya silikoni vile kilivyo, nikamimina. Usiku kilikuwa kizuri hata nikakipiga picha. Siku ya tatu asumini zilikuwa rangi ya chai ya rangi. Rehani ikawa nyeusi. Pembeni ya kila ua kukawa na ukungu mweupe na viputo vidogo, yale maji ya ua yalikuwa yakitafuta njia. Resini imeshakuwa jiwe, huwezi kuingia ndani. Nilijaribu kukata juu, nikaharibu na maua. Pesa nilirudisha, kikuba sikuweza.

Ua lolote lenye maji ndani halihifadhiki kwenye resini, litageuka. Kikaushe kwanza. Kitie kwenye chombo chenye mfuniko, umwagie zile punje za silika zinazofyonza unyevu mpaka kizame chote, ukiache wiki nzima au zaidi, mpaka ua likivunjwa litoe mlio. Karatasi ndani ya kitabu inafaa kwa maua bapa, lakini itakiponda kikuba. Mwambie mama tangu sasa kwamba asumini haitabaki nyeupe. Ikitoka vizuri itakuwa rangi ya malai. Na harufu itaondoka.

Ukimimina, mimina matabaka membamba, usijaze kalibu mara moja, maana joto la resini linapika ua. Kabla ya yote, chukua asumini mbili tatu za sokoni, zikaushe vivyo hivyo, uzimimine peke yake, ungoje wiki. Zikikaa, ndipo uguse za dada'ako.

---

Mchanga_wa_Shelly

Picha za bahari: mawimbi yangu meupe yanazama na kuchanganyika na buluu, inakuwa rangi ya maji ya mvua. Na mchanga niliotoa ufukweni umeweka ukungu mweupe pembeni.

---

MawimbiMsa

Umeiwahi. Mstari mweupe unatiwa resini ikiwa imeanza kuwa nzito kama asali, haitiwi ikiwa maji. Kwa joto letu hiyo haichukui muda, jaribu pembeni kila dakika tano. Rangi isizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanganyiko, na jiepushe na rangi za akriliki za maji kwa wingi. Iliyokwisha kuchafuka, iache ikauke, piga msasa, upige mawimbi upya juu yake. Ile buluu ya chini itakuwa kina cha bahari, mara nyingine inatoka bora kuliko ya kwanza.

Mchanga wako una chumvi na maji. Osha kwa maji matamu mara kadhaa, ukaange kwenye sufuria kavu mpaka uteleze kama sukari. Makombe na kauri usitoe kwenye hifadhi ya bahari. Hifadhi ya bahari ya Mombasa imetengwa tangu 1986 na hairuhusiwi kuondoka na vitu hivyo.

---

Ubao_na_Nazi

Samahani, narudi. Mteja ameweka dele la kahawa moja kwa moja mezani, limeacha duara.

---

MawimbiMsa

Resini nyingi za sanaa huanza kulainika kwenye nyuzi 50 au 60, na dele lililotoka kwenye makaa limepita hapo mbali. Kama ni alama ya juu: msasa wa maji 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000, kisha polishi ya wale wapiga rangi magari. Usiruke namba, mikwaruzo ya 400 haifutwi na 1500. Kama pamezama, msasa na tabaka jipya. Wape wateja kitu cha kuwekea dele, na uwaambie siku ya kukabidhi, usingoje waharibu. Waambie na jua pia, maana njano ya jua ikiingia haitoki. Utakwangua juu na kupaka upya, ya ndani itabaki.

---

Pepo_za_Kaskazi

Mikono yangu inawasha tangu wiki jana, vipele vidogo. Ni resini?

---

MawimbiMsa

Simamisha kazi na umwone daktari, umwambie unatumia epoksi. Mwili ukishaikataa, mara nyingi haurudi nyuma, kiasi kidogo tu kitakuwasha. Glavu za nitrili kila siku, badilisha zikichafuka. Resini ikikugusa osha kwa sabuni na maji, usitumie asetoni, inaiingiza ndani ya ngozi. Unapopiga msasa tumia maji na uvae barakoa ya vumbi laini, ile ya kitambaa haitoshi. Tafadhali ndugu yangu, hili usilichelewe.

---

ShogaWaMajengo

Shoga, nimerudi kwenye sinia langu linalonata, nililotaka kulitupa. Nimeliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kama ulivyosema. Nimebonyeza ukucha kote. Gumu kote, isipokuwa pembeni kulia, kama upana wa kidole gumba, pananata.

---

MawimbiMsa

Basi ni hapo tu. Zungushia tepu ya karatasi, kwangua ndani ya tepu peke yake mpaka ukucha ugome. Leo usimimine, kuna wingu zito juu ya Likoni na unyevu ni mwingi. Kesho kukiwa kukavu, baada ya alasiri, funga dirisha la upande wa bahari, pima kwa vikombe, kikombe cha pili usisahau. Kisha lifunike kwa kasha la katoni, wadudu wa taa ni wengi msimu huu. Nitumie picha keshokutwa mchana, ukilipiga kwa pembeni ili mwanga wa dirisha uonyeshe maungio.